Dume Litatoka kwa Miguu Yake

Kila aliyesikia kwamba Efrazia anafufua gari la marehemu baba yake aliuliza swali lilelile: "Utabebea nini?"

Swali lilikuwa la haki. Gari lenyewe lilikuwa na milango miwili tu, pua ndefu kama ya mbwa wa kuwindia, na buti ambalo likishapokea tairi la akiba halina nafasi hata ya debe la mahindi. Huku Endasak, kwenye miteremko ya Hanang, gari ni la kubebea: mahindi, maharage, saruji, mgonjwa, bibi harusi. Gari lisilobeba ni kama ng'ombe asiyezaa wala kukamwa wala kulima. Na katika watu wote, Efrazia ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo. Alikuwa na miaka hamsini na moja, diploma ya maabara, watoto watatu aliowasomesha, na ulimi usiojua kuzunguka. Huko Haydom anakofanya kazi, mzee mmoja aliwahi kumletea choo cha kupima kimejaa kopo zima la rangi. "Mzee wangu," Efrazia alimwambia, "mimi nimeomba ya kupimia, sikuomba ya kurutubishia shamba."

Sasa mtu wa namna hiyo anaulizwa gari ni la nini, anajibu:

"La kutembea. Jumamosi na Jumapili."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu."

Watu walimtazama kama wanavyomtazama mtu anayeanza homa.

Ukweli ni kwamba hata yeye hakuwa na jibu zuri zaidi. Baba yake, Hermani, alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano, na mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao alimwachia ile Ford Capri ya njano, injini ya silinda sita. Hermani aliiita Dume. Siku za kazi alikwenda kwa baiskeli. Dume lilitoka Jumapili baada ya misa tu, na aliyekaa kiti cha mbele alikuwa Efrazia, miaka minane, miguu haifiki chini. Wanateremka mpaka barabara kuu, baba anakanyaga mafuta, injini inanguruma mpaka unaisikia kwenye meno, wanafika ziwa Basotu, wanalitazama lile ziwa, wanarudi. Hawakununua kitu. Hawakumsalimia mtu. Katika maisha yake yote Efrazia hakukumbuka safari nyingine aliyokwenda bila kutumwa na mtu au shida.

Dume lilizimika mwaka themanini na nane. Hermani alilisukumia bandani pembeni ya nyumba akisubiri vipuri, na akafa miaka kumi baadaye bado anavisubiri. Tangu hapo kuku walilipenda kuliko banda lao.

Lililoleta yote haya ni mdogo wake, Evarist, aliyebaki nyumbani na mama. Pasaka, wakiwa wamekaa nje wanapepeta maharage, alisema, "Dada, nataka pale bandani nijenge ghala. Mahindi ya mwaka jana yalilala sebuleni, panya wakala mpaka ndala zangu. Kuna watu wa lori la skrepa wanapita kila mwezi. Wanalichukua lilivyo."

"Halichukuliwi," Efrazia alisema.

"Sawa. Wewe utalipeleka wapi?"

"Nitalitengeneza."

"Utabebea nini?"

Hapo ndipo mama yao, Scolastica, alipoinua kichwa. Alikuwa na miaka themanini na moja, mwembamba kama mpini, na bangili za shaba nne kwenye mkono wa kushoto ambazo mtu aliyezaliwa Endasak alizisikia kabla ya kumwona mwenyewe. Alipepeta ungo mara mbili zaidi, ili wajue kwamba hana haraka.

"Nyie mnanichosha," alisema. "Sikilizeni. Siku mahindi yanaingia hapa nyumbani, banda liwe tupu. Kama gari litatoka kwa miguu yake, ni la Efrazia, na asiulizwe tena. Likitoka kwa kusukumwa, ni la skrepa. Nimemaliza."

Evarist alicheka. "Mama, hilo gari lina miguu?"

"Baba yenu aliliita Dume. Dume linalosukumwa huwa ni nyama."

Efrazia alimtafuta fundi Katesh, akampata Sylvester, kijana wa miaka thelathini aliyezoea Noah na Land Cruiser. Sylvester alikuja na bodaboda, akawaamkia watu wote shikamoo kwa zamu, akafungua boneti, akatimua kuku wawili na kuinama juu ya injini.

"Mama, hii injini ni kubwa."

"Nimekuita uniambie ninayoyaona?"

"Hapana. Nasema tu ni kubwa." Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto ampakate.

Basi kila Jumamosi, Aprili mpaka Julai, Efrazia alipanda basi la kwanza kutoka Haydom. Yale ya maabara yakamsaidia: alivipanga vipuri kwenye trei, akaandika kila boliti imetoka wapi, na Sylvester alipoacha spana kwenye mchanga aliitwa mara moja. Pistoni zilikuwa zimeganda. Walimimina dizeli kwenye matundu ya plagi, wakaacha wiki mbili, na siku injini ilipozunguka robo kwa mkono, Sylvester alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti. Kabureta ililala kwenye petroli, ikasuguliwa kwa mswaki. Breki zilipata mipira mipya. Viti vilivyoliwa na panya vilishonwa turubai. Glory, kitinda mimba wake aliyekuwa nyumbani Haydom akisubiri matokeo ya chuo, alimwambia, "Mama, mikono yako inanuka gereji. Watu watafikiri umefukuzwa kazi."

Mwanzoni mwa Julai Efrazia alichukua likizo na kuhamia Endasak. Evarist alikuwa ameshavuna. Mahindi yamerundikwa shambani, majirani wameahidi mikokoteni ya punda Jumamosi. Mtu wa lori la skrepa naye ameambiwa Jumamosi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Dume liliwaka.

Lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mweusi na manyoya ya kuku, halafu silinda zote sita zikashika kwa pamoja. Mlio ule ulitoka bandani, ukaingia ndani ya nyumba, ukatingisha vikombe kabatini. Efrazia alikuwa amekaa kwenye usukani na aliusikia kwenye meno, palepale pa zamani. Evarist alitoka mbio na mswaki mdomoni. Hata mama alisimama mlangoni, akiwa ameshika ukuta.

Lilinguruma dakika nne. Ya tano, kitu kililia *paa!* chini ya boneti, mvuke ukapanda mpaka kwenye mabati ya banda, na maji ya moto yakatiririka chini. Sylvester alizima haraka. Kipande cha bomba la chuma kilikuwa kimeruka na kuanguka karibu na miguu ya Evarist.

"Hii ni nini?" Efrazia aliuliza.

Sylvester alikwaruza kichwa. "Mama, ni kitu kidogo. Ile shingo ya rejeta, pale juu pa kuchomekea paipu ya maji, haikuwepo tangu siku ya kwanza. Nikaweka kipande cha bomba, nikabandika kwa gundi ya chuma."

"Miezi mitatu hukuniambia?"

"Niliona itashika."

"Mimi nikiona mgonjwa ana malaria nikaandika hana, kwa sababu naona atapona, utaniita nani?"

Fundi aliinama akaokota kile kipande cha bomba. Alijua amekosa.

Rejeta nyingine ya ukubwa ule haikuwepo Katesh wala Babati. Za siku hizi zina vichwa vya plastiki na hazikai pale. Shingo ilitaka kulehemiwa, na kulehemu kulitaka shaba juu ya shaba. Efrazia aliinama kuitazama rejeta vizuri, na hapo akaona jambo ambalo Sylvester hakulisema. Pale shingo ilipokuwa hapakuliwa na kutu. Palikuwa pamekatwa kwa msumeno, sawasawa, na mtu asiye na haraka.

Alinyooka. "Evarist! Ulikata lini?"

"Kukata nini?"

"Usinizungushe. Uliuza shaba ya gari la baba."

"Dada, naapa sijagusa! Mimi nikitaka kuiba si ningeiba gari zima?"

"Mwache," alisema mama kutoka mlangoni. "Nilikata mimi."

Wote watatu waligeuka. Scolastica alisogea mpaka kwenye kivuli cha banda, akakaa kwenye kigoda cha fundi bila kuomba.

"Ulikuwa unaolewa," alimwambia Efrazia. "Baba yako hajamaliza mwaka kaburini. Ng'ombe waliobaki wanne. Nikasema, mwanangu hatatoka nyumbani kwangu na mikono mitupu kama mtumishi. Nikachukua msumeno wa baba yako, nikakata kile cha shaba, na koki mbili za pipa la maji, nikashuka nazo uwandani kwa mhunzi. Mabarbaig wale wanajua kazi. Akakufulia bangili tatu. Unazikumbuka?"

Efrazia alizikumbuka. Moja pana, mbili nyembamba. Zilikuwa Haydom, chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya vyeti. Alizivaa siku ya harusi, na kesho yake akazivua.

"Zipo," alisema.

"Najua zipo. Ningesikia kama zinatembea." Mama alitingisha mkono wake, bangili nne zikalia. "Miaka ishirini na sita sijazisikia kwako."

"Mama, maabara haturuhusiwi kuvaa kitu mkononi. Ni sheria ya kazi. Vinashika uchafu wa magonjwa."

"Sawa. Sheria ni sheria." Akafikiri kidogo. "Na Jumapili? Nako ni maabara?"

Efrazia alizihesabu Jumapili zake kichwani. Jumapili alikuwa anafua, anapika ya wiki nzima, anasahihisha mahesabu ya kikundi cha akina mama, anapiga pasi makoti ya maabara. Kweli kabisa, ilikuwa maabara.

Sylvester alijifanya anatafuta spana.

"Mama," Efrazia alisema mwishowe, "ile pana ndiyo inatosha kurudisha shingo. Nikiichukua, inafuliwa, inakuwa bomba tena. Nikiiacha, Jumamosi Dume linaondoka na skrepa. Sitakudanganya kwamba nilizipenda. Niliziona za kishamba, ndiyo maana nilizivua, na ile sheria ilinisaidia tu. Nisamehe. Lakini naomba uniruhusu."

Mama alizisukuma bangili zake juu ya mkono. "Angalau hujanizungusha," alisema. "Pana ichukue. Nyembamba moja, ikitakiwa, ichukue. Ya tatu inabaki mkononi kwako siku zisizo za kazi, mpaka nife. Baada ya hapo fanya utakavyo, sitakuwa nasikia."

Efrazia alimpigia simu Glory. Msichana alifukua sanduku akiwa bado kwenye simu. "Nimeziona. Mama! Hizi ni nzuri sana, kwa nini huzivai?"

"Funga kwenye kitambaa, mpe kondakta wa basi la kesho alfajiri. Andika jina langu kubwa."

"Lakini kwa nini huzi..."

"Glory, kubwa!"

Ijumaa saa tano mzigo ulifika, na saa saba Efrazia na Sylvester walikuwa uwandani kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, rejeta imefungwa nyuma kama mbuzi. Mhunzi yule wa zamani alishafariki; kazi ilikuwa kwa mwanawe, Gidamis, naye sasa mzee mwenye mvi. Fuawe yake ya kugongea chuma ilikuwa kipande cha ekseli ya trekta, na mivukuto yake ya kupulizia moto ngozi mbili za mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliipokea bangili pana, akaigeuza juani, akapitisha kidole kwenye mistari iliyochorwa. "Saba, nafasi, saba. Huu ni mkono wa baba yangu. Imeharibika wapi?"

"Haijaharibika. Nataka uifanye bomba." Akamwonyesha tundu la rejeta.

Gidamis alitazama tundu, akatazama bangili, akamtazama yeye, akaanza kucheka taratibu mpaka akalazimika kukaa. "Miaka yote watu wanatuletea bomba wachukue bangili. Wewe wa kwanza unaleta bangili uchukue bomba. Dunia imegeuka."

"Haijageuka. Ilikuwa bomba, inarudi kwao."

"Utapika nini na bomba? Gongo?"

"Ni la gari."

"Gari la kubebea nini?"

Sylvester aliangua kicheko. Efrazia alimwangalia mpaka akaacha.

Mhunzi aliipasha moto bangili mpaka ikawa na rangi ya jua la jioni, akaiacha ipoe, akaigonga, akaipasha tena. Hakuiharakisha, alisema shaba ikilazimishwa hupasuka. Aliizungushia kwenye bomba la chuma la ukubwa uliotakiwa, kingo zikakutana. Nyembamba moja aliifanya pete ya kushikia mdomo, ili paipu isichomoke. Sylvester alilehemu mshono na kuiunganisha na rejeta kwa risasi ya kulehemia, kwa makaa yaleyale ya mhunzi. Walipojaza maji, hakuna tone lililotoka. Ubavuni mwa shingo ile mistari ilionekana bado, imenyooka kidogo kwa nyundo: saba, nafasi, saba.

Bangili ya tatu Gidamis aliisugua kwa majivu na mchanga, akampa. "Hii siifanyi bomba," alisema. "Hata ukinipa ng'ombe."

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Mikokoteni minne ya punda ilikuwa imepanga foleni njiani na magunia juu, punda wanatikisa masikio. Nyuma yao lori la skrepa. Majirani walikuja kusaidia kupakua, na wengine ambao hawakuwa na nia ya kupakua chochote walikuja pia. Evarist alisimama katikati na kofia yake, kama mwamuzi.

"Dada, banda ni tupu saa ngapi?"

"Sogeza hao punda."

Efrazia aliketi kwenye usukani, rejeta imesharudi mahali pake. Alivuta choki ya kuwashia injini, akazungusha ufunguo. Mara ya kwanza lilikohoa. Ya pili liliwaka, na punda wa kwanza akajaribu kurudi shambani na magunia yake. Watu walipiga kelele. Aliingiza gia ya kwanza, akaachia klachi polepole kama Hermani alivyokuwa akifanya, na Dume likatoka bandani kwenye jua, njano yake imefifia kama ganda la ndizi la jana, lakini linatembea.

Lilivuka uwanja. Lilifika kwenye lango, magurudumu ya mbele yakapita, na hapohapo, nusu ndani nusu nje, likazima.

Akazungusha ufunguo: likalia tu bila kushika. Tena. Harufu ya petroli ikapanda. Vijana wawili, kwa wema tu wa majirani, walikimbia nyuma wakaweka mikono kwenye buti.

"Asiguse mtu!" Efrazia alipaza sauti mpaka punda wakanyamaza. "Ondoeni mikono! Mkilisukuma nawazaba vibao mbele ya mama zenu!"

Vijana waliruka kama waliogusa umeme. Mtu wa skrepa aliteremka kwenye lori, akaegemea mlango, akaanza kuchokoa meno.

Sylvester alifika dirishani, jasho linamtoka. "Mama, limezama kwa petroli. Usipampu mafuta. Subiri kwanza."

"Muda gani?"

"Dakika tano."

Ni dakika tano ndefu kwa mtu anayetazamwa na kijiji kizima. Efrazia alishika usukani na kujitazama mkono wa kushoto, bangili moja nyembamba juu ya mfupa. Alifikiri kwamba kama litakataa, Jumatatu atarudi kazini, atapima malaria, hakuna atakayekufa kwa ajili hiyo. Lilikuwa ni wazo la busara kabisa. Aligundua kwamba hataki wazo hilo. Alilitaka hili gari, lisilo na kazi, kuliko vitu vyote vyenye kazi alivyowahi kununua.

"Sasa," alisema Sylvester. "Mafuta mpaka chini, shikilia hapohapo. Zungusha."

Alikanyaga mpaka chini. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikashika silinda moja, mbili, halafu zote, na wingu jeusi likawafunika wale vijana wawili mpaka yakabaki macho. Efrazia hakusubiri kushangiliwa. Gia, klachi, na magurudumu ya nyuma yakavuka lango. Alisimama njiani, injini ikinguruma, mshale wa kupima joto umetulia katikati.

Evarist alitembea mpaka langoni, akatazama chini, akahakikisha magurudumu yote manne yako nje. Halafu akamgeukia mtu wa skrepa.

"Ndugu, samahani kwa usumbufu. Kama unataka chuma, kuna jembe la plau limekatika nyuma ya nyumba. Gari lina mwenyewe." Akavua kofia, akaipigia punda wa kwanza matakoni. "Haya, ingizeni mahindi!"

Efrazia alikuwa anajiandaa kuondoka aliposikia bangili. Mama yake alikuwa anakuja polepole kando ya mikokoteni, amevaa khanga ya kanisani na viatu vya kufunika. Alifungua mlango wa kushoto mwenyewe, akakunja miguu, akaingia, akaweka mkoba mapajani.

"Baba yako hakuwahi kunipakia," alisema. "Kila Jumapili alisema kiti ni kimoja. Nikawa napika."

Efrazia alimtazama. Hakuwahi kulifikiria hilo hata siku moja.

"Funga mlango, mama. Uvute kwa nguvu."

Waliteremka mpaka lami. Kulia Katesh, kushoto Babati, mlima nyuma yao hauna hata wingu. Efrazia alisimamisha, akaangalia pande zote mbili.

"Tunakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Hakuna mahali."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa anwani kamili. "Huko ni mbali?"

"Mbali kiasi."

"Basi twende," alisema Scolastica, akashika mkoba wake vizuri. "Tusichelewe."

Efrazia alikanyaga mafuta.